Thembo wa Rangi na Karatasi ya Banda la Nne

Mzee Thembo anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuitumikia hifadhi hii kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia mwaka 1992 akiwa kibarua wa kubeba maji ya saruji. Anatoka akiwa mpaka rangi ambaye hakuna jengo la wageni, kuanzia jumba la lango hadi choo cha mwisho kule kwenye kilima cha kutazamia ziwa, ambalo mkono wake haujapita. Mengine ameyapaka mara sita, mengine mara saba.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba niandike mimi, kibarua wa kikosi chake, mtu wa Butembo, Kongo, niliyeachia shule darasa la sita. Ofisini wapo wenye kalamu nzuri kuliko yangu, lakini Thembo alisema anamtaka mtu aliyekuwepo. Alitoa na sharti moja: wasifu huu useme yaliyotokea banda la nne mwezi wa Agosti 2014, na umtaje Aaron Kasereka, aliyeungua humo akafa, ambaye faili la ofisi linasema alikuwa mwizi. Aaron hakuwa mwizi. Kulisafisha jina hilo ndiyo kazi pekee ambayo Thembo alikuwa hajaimaliza, na baada ya tarehe 31 hatakuwa tena na ruhusa ya kubisha hodi ofisini. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe.

Amezaliwa Munkunyu, upande huu wa Uganda, kwa wazazi wakulima wa pamba na maharagwe. Alipokuwa kijana alivuka mpaka akaenda Butembo kutafuta kazi, akakaa miaka mitatu akipaka rangi kanisa la wamisionari na kuandika majina ya maduka. Huko ndiko alikojifunza kuchora herufi kwa brashi bila rula, na huko ndiko alikopata Kiswahili chetu, pamoja na maneno ya Kifaransa tunayoyachanganya humo. Ndiyo maana mtu akitoka Kongo akafika hapa kuomba kibarua, siku ya kwanza hajioni mgeni. Anasalimiwa kwa maneno ya nyumbani kwao, anaulizwa habari za barabara ya Beni, anapewa brashi.

Jina lake limemletea utani usiokwisha. Wakonzo, watu wa kabila lake, humpa mtoto jina kufuata alivyofuatana na ndugu zake, na Thembo ni jina la mtoto wa kiume wa tano. Halihusiani na mnyama yeyote. Lakini wageni kutoka Kenya na Tanzania wakilisikia hucheka. Wakongwe wa hapa husimulia kwamba mwaka 2006 tembo dume alikuja kujikuna kwenye ukuta wa choo kipya, saa chache tu baada ya Thembo kuupaka rangi ya kijani. Mnyama akaondoka na ubavu mmoja wa kijani. Askari wa doria wakatangaza redioni kwamba wameona tembo mgonjwa. Kwa wiki nzima wakawa wanaulizana redioni kama ni Thembo aliyempaka tembo au ni tembo aliyempaka Thembo. Mzee alijibu kwamba, katika wateja wake wote, huyo ndiye pekee ambaye hakuilalamikia rangi.

Katika kazi yeye ni mtu mzito. Hapaki ukuta ambao haujaoshwa kwa sabuni, ukakwanguliwa, ukazibwa nyufa na kuachwa ukauke siku mbili. Wakubwa waliopita walitaka mabanda yote yawe meupe kama hoteli za mjini Kasese. Yeye aliwaonyesha nyayo za nyani kwenye ukuta mweupe wa mapokezi, na mahali ngiri walipolala baada ya kugaagaa matopeni, akawaomba mita moja ya chini iwe ya kahawia. Mabishano yalichukua mwaka. Leo kila jengo letu lina ule mkanda wa kahawia, na wageni wanadhani ni urembo wa kienyeji.

Mwaka 2020 mto Nyamwamba ulipojaa ulipita katikati ya nyumba yake kule Kilembe. Mke wake, mama Biira, alitoka na godoro na Biblia. Thembo alichukua ruhusa ya siku nne, akachota matope, akarudi kazini. Alipoulizwa hali ya nyumba alisema kuta zimebaki. Hatukumsikia akiizungumzia tena.

Katika mradi huu wa sasa wa kukarabati majengo, ambao umetuchosha wote tangu mwezi wa Januari, amepaka mabanda kumi na mawili, bweni la wanafunzi na chumba cha maelezo. Ana miaka sitini. Anapanda ngazi polepole, maana vidole vyake haviwezi tena kukunjika vizuri. Vijana wapya humuuliza sababu, naye huwaambia ni uzee. Sababu ni banda la nne.

Sakafu za mabanda yetu ni saruji nyekundu. Ili zing'ae, tulizoea kupika nta wenyewe. Unayeyusha mishumaa na nta ya nyuki kwenye sufuria, juu ya sigiri ya makaa. Ikiyeyuka unaipua, unamimina mafuta ya taa, unakoroga, unapata kitu laini cha kupaka kwa tambara. Aaron Kasereka alikuwa fundi wa nta. Alikuwa mtu wa Beni, mwimbaji wa kwaya, mcheshi. Alikuwa na mke, Consolée, na mabinti wawili pale Bwera.

Kwetu Kongo mafuta ya taa tunayaita petrole. Yale ya kuendeshea gari, ambayo hapa Uganda ni petroli, sisi tunayaita esansi. Wiki ile nzima ya Agosti 2014 Aaron alikuwa akisema petrole imekwisha, nyapara atuletee petrole. Thembo, ambaye wakati huo ndiye alikuwa nyapara wetu, alimwelewa bila shida, kama alivyotuelewa sote. Asubuhi ile alichukua karatasi ya stoo akaandika neno kama alivyolisikia: petroli, lita tano, Aaron, banda la nne. Akatia sahihi.

Ni kosa ambalo mtu asiyejua lugha yetu asingeweza kulifanya. Mwenyeji mwingine wa Kasese angesimama akauliza, petroli ya nini kwenye nta? Thembo hakuuliza, kwa sababu masikio yake yalikuwa Butembo na karatasi yake ilikuwa Uganda.

Mtunza stoo ni Ocen, askari mstaafu kutoka kaskazini, ambaye sote tunamwita afande. Alisoma karatasi, akapima petroli lita tano kutoka pipa la magari ya doria, akampa Aaron. Aaron aliambiwa hii hapa petroli, akaondoka ameridhika. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakusikia harufu. Tulikuwa tumeshinda wiki mbili tukichanganya rangi ya mafuta na tina, dawa kali ya kuizimua, katika vyumba vilivyofungwa. Baada ya siku kumi za tina pua ya mpaka rangi ni kama kidole kilichokufa ganzi.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mimi nilikuwa nje juu ya ngazi, nikipaka mbao za baraza. Nilisikia mlio kama turubai linalopigwa na upepo, kisha nikaona paa la nyasi linafuka moshi kutoka ndani. Thembo alitoka banda la tano mbio, akaingia mlango wa banda la nne huku sisi tukiita majina yao wote wawili. Alimtoa Aaron kwa kumvuta mshipi. Mikono yake Thembo iliungua hadi viwiko. Aaron aliishi siku tatu.

Thembo alilala hospitali wiki tisa. Wakati huo huo uchunguzi ulifanyika ukaisha. Waliuliza swali zuri, kwamba mpaka rangi anataka petroli ya nini, halafu wakajijibu wenyewe. Ocen aliogopa, kwa kuwa petroli ya doria hairuhusiwi kutoka bila sahihi ya dereva. Akasema hakumbuki kumpa mpaka rangi yeyote petroli. Basi ikaandikwa kwamba marehemu aliichukua kwa siri akauze mpakani Mpondwe, na kwamba aliwasha moto kwa uzembe alipokuwa akiificha. Sisi Wakongo tuliulizwa kama tuliona petroli. Tulijibu hatukuona. Masikioni mwetu hakukuwa na petroli yoyote; kulikuwa na petrole, nayo haikuulizwa. Wengi wetu hatukuwa na vitambulisho wakati ule, na mtu asiye na kitambulisho hujibu alichoulizwa, basi. Aaron alizikwa Bwera bila gari la hifadhi wala mwakilishi.

Thembo aliporudi na mikono imefungwa alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa hifadhi wa wakati huo akamwambia aliandika nini. Mkuu akadai karatasi. Ocen akasema karatasi za mwezi ule hazionekani. Faili likabaki lilivyo. Thembo akaomba avuliwe unyapara, akakubaliwa, na tangu siku hiyo amekataa kuupokea tena mara tatu. Kila mkuu mpya alipofika, Thembo alikuwa mtu wa kwanza kubisha hodi na jambo la Aaron. Kila mmoja alimsikiliza vizuri, akamwambia alete karatasi.

Watu wapya waliofanya kazi naye watakumbuka kile wanachokiita jiwe la Thembo. Hakuna kopo wala jerikeni inayofunguliwa kikosini kabla ya kumwaga tone moja juu ya jiwe lililopigwa na jua na kungoja. Petroli hutoweka kabla hujamaliza salamu. Mafuta ya taa huacha doa. Kisha kila mtu aliyesimama pale anataja jina la kitu hicho kwa lugha ya mama yake, mmoja mmoja, kwa sauti. Vijana wa Fort Portal walicheka, wakasema mzee anaendesha katekisimu ya mafuta. Waliocheka hawakuambiwa chochote. Walisubirishwa tu mpaka wataje.

Mwezi wa Juni mwaka huu tuliagizwa kutoa vitu kwenye stoo ya zamani ili iwe chumba cha kahawa cha wageni. Nyuma ya makabati ya chuma tulikuta masanduku mawili yenye karatasi za stoo, yameliwa na mchwa pembeni. Tuliambiwa tuyachome. Thembo aliomba siku tatu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miwani puani, akipitia karatasi moja baada ya nyingine kwa vidole visivyokunjika, huku sisi tukipaka kuta pembeni yake. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, aliacha kupekua. Alikuwa ameishika. Mwandiko ulikuwa wake.

Ocen alikuja akaisoma juu ya bega lake. Nilikuwa karibu nikasikia alivyosema.

"Mzee, choma hiyo. Unabakisha wiki sita uende nyumbani. Mimi nimefunga mdomo miaka kumi na moja, na wewe wiki sita zinakushinda?"

Thembo alimwambia, "Afande, wewe ulitoa kilichoandikwa. Mimi ndiye niliandika." Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kofia yake, akaenda ofisini.

Ocen ameisoma aya hii kabla haijachapwa. Akasema iachwe ilivyo.

Mkuu wetu wa sasa, mama Mbabazi, hakumficha kitu. Alimwambia kwamba kufungua faili upya ni kazi ya makao makuu, na itachukua muda. Alimwambia pia kwamba karatasi inayomtoa Aaron kosani inamwingiza yeye Thembo. Akiikabidhi, barua yake ya utumishi mwema itazuiwa hadi makao makuu yaamue, na sherehe ya kumuaga haitafanyika, kwa sababu wakubwa hawawezi kuja kumpigia makofi mtu anayechunguzwa. Alimpa hadi Jumatatu afikirie. Ilikuwa Alhamisi. Thembo aliitoa karatasi kofiani akaiweka mezani pale pale. Mbuzi wawili waliokuwa wameagizwa kwa sherehe walirudishwa.

Mama Mbabazi alimwambia jambo moja zaidi. Faili si lake, lakini jarida la wafanyakazi ni lake. Linapigwa muhuri wa hifadhi na kubandikwa kwenye malango yote, na humo anaweza kuruhusu neno la kweli lichapwe bila kungoja mtu. Ndiyo maana wasifu huu umekaa mahali ambapo mwaka mwingine mngesoma hotuba.

Jumapili iliyofuata Thembo alikwenda Bwera kumweleza Consolée, nami nikamsindikiza. Njiani alikuwa karibu mtu wa furaha. Alibeba nakala ya karatasi ndani ya bahasha ya plastiki isilowe. Alisema ni mara ya kwanza anakwenda kwa yule mama akiwa na kitu mkononi.

Tulimkuta kwenye kibanda chake cha sokoni, anachambua maharagwe. Binti yake mkubwa, Patience, ambaye sasa ni msichana mzima, alikuwa akipima samaki wa chumvi kwa wateja. Hatukupewa viti. Thembo alisimama akasema yote bila kuzunguka: neno, lita tano, sahihi, miaka aliyotafuta. Akamwekea bahasha juu ya gunia. Consolée hakuigusa. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Miaka kumi na moja banaita batoto yangu batoto ya mwizi," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, ambacho watoto ni batoto. "Na wewe unapita hapa, unanisalimia."

Thembo alieleza kwamba hakuwa na ushahidi, kwamba kila mkuu alidai karatasi, kwamba hakutaka kumletea maneno matupu.

"Mimi sikukuuliza karatasi. Nilikuwa nataka mutu moja tu aniambie."

Nimefanya kazi na Thembo miaka kumi na mitatu. Nimemwona anatoka motoni, nimemwona anarudi kutoka mafurikoni. Pale nilimwona anavua kofia mbele ya gunia la maharagwe. Alikuwa amekwenda kwa wakuu watatu, alikuwa ameandika barua tisa, alikuwa amepekua karatasi za miaka mingi. Kutoka hapa hadi Bwera nauli ni ndogo, na alifika mara nyingi kununua samaki. Kwenye mlango huo mmoja hakubisha hodi, kwa sababu aliona si haki kwenda mikono mitupu. Nasi tuliojua tulimwachia yeye jambo hilo, tukasema ni lake. Lilikuwa letu pia. Mimi ni mtu wa nyumbani kwao, nilijua maneno yote mawili, na nilipita soko lile kila mwisho wa mwezi.

Consolée alifuta mikono kwenye kitenge chake, akamtazama Thembo vidole.

"Ni wewe uliandika, na mukono yako?"

"Ni mimi."

"Basi uandike tena. Na mukono ile ile. Watu basome."

Hakutusindikiza. Tulipofika barabarani Patience alitufuata mbio akamrudishia Thembo bahasha yake. Alisema mama yake haitaki hiyo, anangoja ile nyingine.

Thembo amejaribu mara nyingi jioni hizi, kwa kalamu, na kalamu inamtoka vidoleni. Mwisho alichukua brashi nyembamba na wino mweusi, akaandika kama anavyoandika vibao. Maneno yake yamepigwa picha na kuwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa jarida hili, juu ya muhuri. Kwa asiyeweza kuyaona vizuri, ni haya:

AARON KASEREKA HAKUIBA. ALIOMBA MAFUTA YA TAA KWA LUGHA YA KWAO. MIMI THEMBO NILIANDIKA PETROLI. ALIKUFA KAZINI.

Kwa niaba ya kikosi cha rangi, na kwa niaba ya wote waliolala, waliokula na waliojikinga mvua ndani ya kuta ulizozipaka, tunakushukuru, mzee wetu. Umetufundisha kuosha ukuta kabla ya kuupaka. Barua yako ya utumishi mwema bado iko makao makuu. Sisi tuliofanya kazi nawe tunasema ulitumika vyema, na hili halihitaji sahihi ya mtu.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti hutakuwa mtumishi wa hifadhi. Umesema kabla ya kwenda Munkunyu kulima utapitia Bwera kumpelekea Consolée nakala ya jarida hili, na kwamba safari hii utakwenda peke yako. Mungu akupe miguu ya kufika, na maneno ukifika. Shamba lako likubaliwe na mvua, mama Biira apate kukaa nyumba isiyo na matope, na uzee wako uwe na usingizi.

David, kibarua, kikosi cha rangi